Macbeth ya Joel Coen: je, ni jukwaa lililopigwa picha?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimetazama The Tragedy of Macbeth, ile filamu ya Joel Coen ya mwaka 2021 ambayo Denzel Washington ndiye Macbeth. Tamthilia yenyewe, ile ya Shakespeare kuhusu jemadari wa Uskoti anayemuua mfalme wake ili atwae taji, niliisoma shuleni nikaipenda sana. Filamu imenishinda. Nilisinzia mara mbili, na Macbeth na mkewe walipokufa sikusikia chochote moyoni. Nilipotafuta maoni ya watazamaji wengine nikakuta vita: hawa wanasema ni kazi ya ajabu, wale wanasema ni jukwaa lililopigwa picha, na mmoja ameandika kwamba anayechoka hamjui Shakespeare. Tatizo ni mimi au ni filamu? Na kama nataka kuona Macbeth moja tu iliyofaulu kwenye skrini, nitazame ipi?

Jibu: Marahaba. Hujaniambia ulisinzia sehemu gani, na hilo ningependa kulijua kabla ya yote. Anayesinzia wachawi wakiwa mbele yake na anayesinzia bwana Macduff akiwa na Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa, kule Uingereza hawaumwi ugonjwa mmoja. Sehemu hiyo ya Uingereza hata jukwaani huwalaza watu; nimeshuhudia kwa macho yangu, na waigizaji walikuwa wangu. Haya, tuliache. Swali lako lina mawili ndani yake: kwa nini watazamaji wanagombana namna ile, na kwa nini wewe hukuguswa. Nadhani watu huyachanganya haya mawili, ndiyo maana ugomvi hauishi.

Kwanza huyo aliyesema anayechoka hamjui Shakespeare. Mpuuze. Mtunzi yule aliwaandikia watu wanaochoka. Pale Globe, ukumbi wa michezo wa London, aliyelipa peni moja alisimama mchezo mzima, jua likiwaka au mvua ikinyesha, na akichoshwa hakuona haya kupiga kelele. Ndiyo maana mara tu mfalme Duncan anapochinjwa, damu haijakauka mikononi mwa Macbeth, anatokea bawabu mlevi kuchekesha watu kwa habari za pombe na mkojo. Macbeth yenyewe ndiyo tanzia fupi kuliko zote alizoandika, mistari kama 2,100 hivi, karibu nusu ya Hamlet. Mtu anayeandika hivyo anaiogopa miayo ya hadhira. Kwa hiyo kuchoka kwako ni ushahidi halali kabisa. Ila shahidi hatoi hukumu, anahojiwa.

Sasa hilo la jukwaa lililopigwa picha. Naelewa linatoka wapi. Filamu ilipigwa ndani ya studio, Los Angeles. Hakuna mlima wa kweli wala anga la kweli, na ngome haina hata kiti cha ziada. Ni nyeusi na nyeupe, na umbo la picha limekaribia kuwa mraba, kama filamu za zamani, hivyo uso wa mwigizaji unajaa na pembeni hapabaki kitu cha kupumzishia macho. Kuta ni tupu, vivuli vimekatwa kama kwa wembe. Mtu akiona hivyo anajisemea, haya ni mapambo ya jukwaani tu.

Lakini kumbuka inavyoanza. Kwanza sauti ya mchawi gizani. Kisha skrini inakuwa nyeupe, ukungu mtupu, na ndege weusi wanazunguka ndani yake. Unadhani umeinua kichwa unatazama angani. Ukungu unapofunguka, kumbe unatazama chini, mchangani, na kuna mtu anatembea akiburuta miguu. Jukwaa gani linaweza kukugeuza juu chini nawe umekaa kitini? Baadaye kidogo Kathryn Hunter, ambaye anawacheza wachawi wote watatu peke yake, anasimama kando ya dimbwi. Juu ya ardhi yuko mmoja. Ndani ya maji wako wengine wawili. Hiyo ni kazi ya kamera na ya mtu anayeijua kamera, Bruno Delbonnel, ambaye alitajwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Wanaolalamika wameona kitu cha kweli, nacho ni utupu. Jina walilokipa ndilo lisilo lake.

Utupu huo una kazi, na ili niieleze niruhusu nikurudishe kwa mtazamaji wa zamani kuliko wote ambaye maoni yake kuhusu Macbeth tunayo. Anaitwa Simon Forman, mganga na mnajimu wa London. Aliiona tamthilia hii pale Globe mwezi Aprili 1611, miaka kama 5 tu tangu iandikwe, akaenda akaandika alichokiona. Hakuandika nani aliigiza vizuri na nani vibaya. Aliandika mzimu wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth aliagiza auawe, ulivyokuja ukakaa kwenye kiti nyuma ya Macbeth. Aliandika damu isiyokubali kutoka mikononi. Aliandika kwamba malkia aliinuka usiku, akatembea usingizini, akaungama yote, na daktari akayaandika maneno yake. (Ndiyo, mganga alimwona daktari. Kila mtu huona kilicho chake.) Na akaandika jambo moja ambalo wataalamu wamelijadili muda mrefu: kwamba wachawi walipowatokea, Macbeth na Banquo walikuwa wamepanda farasi, wanapita msituni.

Farasi, jukwaani pale Globe? Haielekei. Wapo wanaosema alichanganya na mchoro uliomo katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambamo Shakespeare alichota kisa chake. Mchoro ule unawaonyesha juu ya farasi. Inawezekana. Mimi naona ushahidi wa namna jukwaa linavyofanya kazi. Maneno yanataja uwanda, ukungu, safari ndefu ya kutoka vitani, na mtazamaji anajaza yaliyobaki bila kujua kwamba anajaza. Wale farasi walikuwa wa Forman mwenyewe. Aliwaleta yeye.

Hapo ndipo ugomvi wa maoni unapozaliwa. Kila aliyewahi kuisoma au kuiona tamthilia hii anakuja kwenye filamu na farasi wake. Filamu inamwonyesha farasi mwingine, mwenye rangi yake na matandiko yake, na yule wa kwanza anafukuzwa zizini bila hata kuombwa radhi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na hapa mwongozaji anakunyoa kwa mtindo wake. Mmoja anatoka amependeza, mwingine anatoka na hasira, na wote wawili wamenyolewa na kinyozi mmoja.

Tuangalie kwa karibu jambo moja, jambia. Kabla ya mauaji Macbeth yuko peke yake usiku. Anaona jambia hewani, mpini umeelekea mkononi mwake. Anajaribu kulishika, halishikiki, na bado analiona. Anajiuliza kama ni jambia kweli au ni kitu kilichoumbwa na ubongo wenye homa. Jukwaani hapana kitu. Mwigizaji anatazama hewa, nasi tunamtazama yeye. Tukio lote limesimama juu ya kutokuwepo kwa hicho anachokiona. Je, mwenye kamera afanyeje?

Roman Polanski, mwaka 1971, alilionyesha. Jambia linaelea, linang'aa. Filamu ile wengi wanaisifu na mimi ni mmoja wao, lakini likifika tukio hilo huwa natazama pembeni. Macbeth anauliza kama kile ni jambia, na ukumbi mzima unajua kwamba ndiyo, si lile pale. Swali limekufa kabla halijamaliza kuulizwa. Justin Kurzel, mwaka 2015, alikuwa mjanja zaidi. Kwake jambia limeshikwa na kijana, askari mdogo aliyefia kwenye vita vya mwanzo wa filamu, na mzimu wa kijana huyo ndio unaomwonyesha Michael Fassbender, Macbeth wake, njia ya kwenda kuua. Pale jambia limepewa mzigo wa vita, wa watoto wanaopelekwa kufa. Inagusa. Ila mzigo huo ameupakia Kurzel, na aliyekuja na Macbeth wa kitabuni ana haki ya kuuliza umetoka wapi.

Coen naye akafanya hivi. Ukumbi mrefu, nguzo kushoto na kulia, mwanga unaingia kwa vipande. Washington anatembea, hatua zake zinasikika moja baada ya nyingine. Mbele kule, mwisho wa ukumbi, kuna kitu kinametameta, na umbo lake ni la jambia hasa. Anaongea nacho huku anakisogelea. Anafika, ananyoosha mkono, anakishika. Ni kishikio cha mlango wa chumba alicholala mfalme.

Yeye alidanganyika, nasi tulidanganyika naye, na wakati tunang'amua hivyo mkono umeshafika mlangoni. Swali la Macbeth limebaki hai hadi sekunde ya mwisho. Hakuna jukwaa linaloweza kufanya hilo, na katika filamu zote za Macbeth nilizoziona sijaona jambia lililoshinda hili. Ukiniuliza kwa nini waliosifu wamesifu, nitakujibu kwa kishikio hiki. Kuta ziliachwa tupu ili kitu kimoja kidogo kiweze kukudanganya. Ungeweka pale mapazia, mishumaa, ngao na vichwa vya kulungu, kishikio kisingeonekana hata kidogo.

Mauaji yenyewe ni habari nyingine, na hapo Coen ananipoteza. Shakespeare aliyaficha. Duncan anauawa nyuma ya jukwaa. Tunachopewa ni mke anayesubiri, mlio wa bundi, na mume anayerudi na mikono myekundu. Polanski aliyaonyesha, Kurzel aliyaonyesha, na Coen, baada ya kujizuia vizuri namna ile, naye akayaonyesha. Nitakwambia kwa nini naona ni kosa, na si kwa sababu ya usafi wa kitabu. Nilipoiongoza tamthilia hii mara ya kwanza, nikiwa kijana ninayejua kila kitu, niliamua na mimi hadhira ione. Nikamwekea mfalme kitanda, shuka jeupe na chupa mbili za rangi nyekundu. Usiku wa kwanza watu walishtuka kama nilivyotaka. Kisha Macbeth akatoka, akamwambia mkewe kwamba harudi tena mle ndani, anaogopa hata kukifikiria alichokifanya. Mstari ule, ambao kwenye mazoezi ulikuwa ukitusisimua sote, ukaanguka puu. Sisi tulikuwa tumetoka kukiona alichokifanya, na tulikiona ni rangi. Usiku wa tatu nilikiondoa kitanda.

Akira Kurosawa hakuhitaji somo hilo. Katika filamu yake ya 1957, Kumonosu-jo, yaani Ngome ya Utando wa Buibui, kisa chote kimehamishiwa Japani ya zama za vita vya mabwana, na maneno ya Shakespeare hayamo hata moja. Usiku wa mauaji kamera haimfuati mume. Inabaki na mke, Isuzu Yamada, mwenye uso mweupe uliotulia kama kinyago cha Noh, ile michezo ya jadi ya Kijapani. Kuna wakati anaingia kwenye mlango wa giza, giza linammeza kabisa, kisha anatoka tena na mtungi wa pombe ya kuwalewesha walinzi, na kitu pekee unachosikia ni hariri ya nguo yake ikisugua sakafu. Fyu, fyu, fyu. Mume anarudi na mkuki wenye damu, vidole vimeukaza, na mkewe inabidi aubandue mkononi mwake. Duncan wa Kijapani hatukumwona akifa, na hakuna anayetoka pale akiwa na shaka kwamba ameuawa vibaya sana.

Sasa nije kwako. Huo utupu nilioutetea ulikupa nafasi ya kuleta picha zako. Usichopewa ni muda wa kuwapenda wale wawili. Ndilo dai langu, na wewe lipime.

Watu husema Macbeth ni tamthilia ya tamaa ya madaraka. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waisome kwanza kama tamthilia ya ndoa. Katika tanzia kubwa za Shakespeare hakuna mke na mume wanaopendana, wanaoaminiana na wanaopanga jambo pamoja kama hawa. Macbeth akipata habari njema anamwandikia mkewe barua kabla hata hajafika nyumbani, na ndani yake anamwita mshirika wake mpenzi katika ukuu. Kisha mauaji yanawatenganisha polepole. Kwenye mauaji ya Banquo mume anamwambia mke asijishughulishe kujua. Mwishoni mke anaungama usiku na mume yuko mbali anavaa deraya. Msiba wa mchezo huu ni watu wawili waliokuwa kitu kimoja wanavyokufa kila mtu peke yake.

Coen aliwapa nafasi hizo Washington, aliyezaliwa 1954, na Frances McDormand, aliyezaliwa 1957. Wazo lenyewe ni la kuvutia. Hawa ni watu wazima, watoto hawana na sasa hawatapata, na wachawi wanawaletea nafasi ya mwisho. Mistari mingi inapata uchungu mpya, hasa ile ya Macbeth kulalamika kwamba amevishwa taji lisilo na uzao. Lakini wazo hilo lina gharama yake. Washington anaanza chini, sauti ya kunong'ona, mtu aliyechoka kabla mchezo haujaanza. McDormand naye anaanza akiwa ameshaamua. Hatuwaoni wakifurahi pamoja, hata kwa dakika moja ya ujinga. Anayeanguka sharti awe alikuwa amesimama mahali. Hawa tumewakuta karibu na sakafu. Ukichanganya na dakika 105 ambamo maneno yamepunguzwa sana, kila kitu kinaenda mbio kuelekea damu, na ndoa inabaki kama habari iliyosimuliwa. Basi hukulia. Hata mimi sikulia. Nilistaajabu, na kustaajabu na kulia havikai chumba kimoja kwa urahisi.

Linganisha na Kurzel, ambaye mengine yake nimeyalaumu. Yeye anafungua filamu na mazishi ya mtoto mdogo wa Macbeth na mkewe. Halimo katika tamthilia, ingawa kuna mstari ambapo mke anasema amewahi kunyonyesha, na watu wameuzunguka mstari huo miaka na miaka wakitafuta mtoto yuko wapi. Wanaoipenda tamthilia kama ilivyo walikasirika, wakasema amewapa sababu watu ambao Shakespeare aliwaacha bila sababu. Nawaelewa. Lakini ikifika zamu ya Marion Cotillard, mke wa Macbeth, kutembea usingizini, hatembei. Amekaa ndani ya kanisa dogo, kamera iko usoni mwake, anasema maneno yale ya damu na mikono kwa sauti ya mama anayembembeleza mtu. Mwisho kabisa kamera inageuka na tunamwona aliyekuwa akiambiwa, mtoto mwenye vipele usoni, yule wake aliyekufa. Na mkewe akishakufa, Fassbender anambeba mikononi anaposema yale maneno ya kesho, na kesho, na kesho. Uzito wa mwili ule unasikika ndani ya sentensi. Kwa kishikio cha mlango Coen anamshinda Kurzel. Kwa ndoa, Kurzel anamwacha mbali.

Unaona basi kwamba wale uliowasoma wakigombana wanaweza kuwa wote wamesema kweli. Mmoja alikuja kwa ajili ya jambia, mwingine kwa ajili ya mke na mume.

Maoni ya watazamaji yana tabia nyingine ambayo inafaa uijue kabla hujayapa uzito mkubwa: mara nyingi yanazungumzia kitu kilicho nje ya filamu. Polanski alitoa Macbeth yake miaka miwili baada ya mkewe Sharon Tate, mjamzito, kuuawa nyumbani kwao Agosti 1969. Wakosoaji wengi waliitazama damu ya filamu ile kwa macho ya msiba ule, hasa familia ya Macduff inapovamiwa. Na kwa kuwa fedha zilitoka kampuni ya Playboy, wenye jarida la picha za wanawake uchi, mke wa Macbeth kutembea usingizini akiwa uchi kukawa kichekesho cha msimu. Leo kijana anayeitazama bila kujua hayo anaona mwanamke aliyelala kama watu wa zama zile walivyolala, basi.

Na wakati mwingine maoni huibomoa filamu yenyewe. Orson Welles alipiga Macbeth yake kwa muda wa wiki tatu hivi, katika studio ya Republic iliyozoea filamu za wapanda farasi wenye bastola, akaitoa 1948. Aliwataka waigizaji waongee kwa lafudhi ya Uskoti. Watu wakalalamika kwamba hawaelewi kitu. Studio ikaogopa, ikalazimisha sauti zirekodiwe upya na filamu ikakatwa zaidi ya dakika 20. Miaka 30 ikapita kabla ile ya dakika 107, yenye lafudhi yake, kurudishwa, mwaka 1980, na ndiyo wapenzi wa filamu wanayoitafuta sasa. Nina wasiwasi nayo kwa sababu nyingine, taji la Welles linafanana na kitu cha mazingaombwe ya shule, lakini lafudhi haikuwa kosa.

Umeuliza moja tu iliyofaulu. Ungekuwa umeniambia unapenda filamu kuliko tamthilia, ningekutuma kwa Kurosawa bila kufikiri mara mbili, ukaone Toshiro Mifune, Macbeth wake, anavyomalizwa na mishale ya askari wake mwenyewe. Mingi kati ya mishale ile ilikuwa ya kweli, ikipigwa na wapiga upinde hodari karibu na mwili wake, na hofu unayoiona usoni mwake haikuhitaji mazoezi. Lakini wewe uliipenda tamthilia, maana yake uliyapenda maneno, na kwa Kurosawa maneno hayamo.

Kwa hiyo nakutuma mahali ambapo pengine utanicheka. Mwaka 1976 Trevor Nunn aliiongoza Macbeth katika ukumbi mdogo wa Royal Shakespeare Company kule Stratford, Ian McKellen akiwa Macbeth na Judi Dench akiwa mkewe. Waigizaji walikaa kwa duara, na aliyemaliza sehemu yake alirudi kukaa kutazama wenzake. Mavazi mengi meusi, vifaa karibu hakuna. Mchezo ule ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni ya Uingereza, ukaonyeshwa 1979. Hilo ndilo jukwaa lililopigwa picha, kwa maana halisi ya maneno hayo. Nyuma ya nyuso ni giza tupu, hata zile kuta za Coen hazipo. Na hakuna anayesinzia.

Kwa nini hasinzii? Wale wawili wanatamaniana. Dench anaposoma barua unaona mwanamke anayemkumbuka mumewe mwilini, na McKellen akiingia wanashikana kabla hawajaanza kupanga lolote. Kisha, baada ya mauaji, unaanza kuhesabu ni mara ngapi wanagusana, na hesabu inapungua. Dench anapofika kwenye usiku wa kutembea usingizini, anatoa mlio mmoja mrefu ambao hauko kwenye maandishi, kati ya kilio na pumzi ya mtu anayezama, na unaendelea hadi unataka kuomba aunyamazishe. Kamera iko karibu na uso wake, basi. Hakuna kingine kilichofanyika.

Ukishaiona hiyo, mrudie Coen mara moja. Usimrudie kwa ajili ya ndoa, hutaipata. Kabla hujawasha, tafuta tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi, Makbeth, iliyotoka 1968, usome kwa sauti tukio la jambia na lile la baada ya mauaji. Masikio yakishazoea mwendo wa maneno, macho yanapata nafasi ya kufanya kazi yao. Halafu mfuatilie Ross, anayechezwa na Alex Hassell, yule mrefu mwenye vazi lililombana. Katika tamthilia ni mleta habari tu, nusu ya wasomaji hawamkumbuki. Coen amempa mkono katika karibu kila kifo: mtazame Banquo anapouawa, mtazame anayekwenda na Fleance, mwana wa Banquo, mtazame kwenye ngazi akiwa na malkia. Nina hakika mara ya kwanza alikupita, kwa sababu alinipita hata mimi, na sikuwa nimelala.

Ukisinzia tena, niandikie ilikuwa dakika ya ngapi.